Je, Wapiga Kura Watavuka Mipaka ya Vyama?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Mada tuliyopewa ni fupi kwa maneno yake lakini ina mambo mengi ndani. Tunaulizwa kama katika uchaguzi wa Rais, ambao kwa mujibu wa Katiba unapaswa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, wapiga kura wa Kenya watathubutu kuvuka mipaka ya vyama walivyozoea kuviunga mkono. Wengine huliuliza swali hili kama watabiri wa hali ya anga, wakitaka kujua mvua itanyesha upande gani. Sisi wa Haki na Amani tunaliuliza kwa sababu nyingine. Tunataka kujua kama Mkristo wa parokia zetu yuko huru kweli anapoingia katika kile kibanda cha kupigia kura, na kitakachompata akitoka.

Tuanze na yale ambayo vijana wetu hawakuyaona. Mwaka 1988 wananchi wa nchi hii waliwateua wagombea wa KANU, chama pekee kilichokuwapo, kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake. Tuliuita utaratibu huo mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa bila kupingwa, wala hakuwa na haja ya kwenda kwenye kura ya siri. Watu waliosimama kwenye foleni ndefu waliona kwa macho yao foleni fupi ikitangazwa mshindi, na hakukuwa na karatasi yoyote ya kuhesabiwa tena. Viongozi wa makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, walikuwa wamekwisha kuupinga mlolongo tangu ulipopendekezwa mwaka 1986. Sababu yao moja ilikuwa ya kichungaji: padre au mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wake, kesho atawahubiriaje wale waliosimama katika foleni nyingine? Nao waumini, je, mwajiriwa atasimama mahali tofauti na mwajiri wake, au mke mahali tofauti na mumewe? KANU iliuacha mlolongo mwishoni mwa mwaka 1990, na Desemba 1991 mlango wa vyama vingi ukafunguliwa.

Tumeanza na mlolongo kwa makusudi. Usiri wa kura ndio unaomwezesha mtu kuvuka. Mahali ambapo kura inaonekana, anayevuka ni shujaa au mwendawazimu, na taifa haliwezi kujengwa juu ya mashujaa na wendawazimu peke yao.

Tukitazama chaguzi zilizofuata tunaona jambo ambalo halina budi kututia mashaka kidogo. Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa kura ambazo hazikufikia asilimia 37, kwa kuwa wapinzani wake walikuwa wamegawanyika kati ya Matiba, Kibaki na Oginga Odinga, na kila mmoja alivuna hasa katika shamba la nyumbani kwake. Mwaka uo huo sheria ilikuwa imebadilishwa ili mshindi apate walau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya mwaka 2010 imeendeleza wazo hilo na kulikaza: mshindi hana budi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na walau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Watunga sheria walitaka kumlazimisha mgombea atoke kwao akabishe hodi kwa wengine. Nia ilikuwa njema. Lakini wanasiasa wetu ni wepesi kuliko sheria. Badala ya mgombea kwenda kwa wananchi wa kabila jingine na kuwashawishi mmoja mmoja, humwendea kiongozi wao, wakakubaliana hotelini juu ya vyeo, kisha kiongozi huyo akawaleta watu wake kama mzigo uliofungwa kamba.

Mfano mkubwa tunaukumbuka sote. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika uwanja wa Uhuru Park, Raila Odinga alitamka kwamba Kibaki anatosha. Desemba ya mwaka huo Mwai Kibaki alipata takribani asilimia 62 ya kura, na alishinda katika mikoa mingi ya nchi, ukiwamo Nyanza. Wagombea wawili wakuu, Kibaki na Uhuru Kenyatta, walikuwa wa kabila moja, kwa hiyo kabila halikuweza kuwa mizani. Tulifurahi, na haki yetu kufurahi. Lakini mwaka 2007 mtu yule yule, Kibaki, alikuta mlango umefungwa katika vijiji vile vile vilivyomwimbia miaka mitano kabla, kwa sababu makubaliano ya viongozi yalikuwa yamevunjika. Matokeo yake yalikuwa vifo vya watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani. Mwaka 2013 ukageuka tena: jamii mbili zilizochomeana nyumba katika Bonde la Ufa zilipiga kura pamoja kwa sababu Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wameungana. Hatudharau amani iliyopatikana kwa muungano ule. Tunauliza tu: watu hao walivuka, au walivushwa?

Mwaka 2022 ulikuwa na somo la aina nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1992 eneo la Mlima Kenya halikuwa na mgombea wake mwenyewe kati ya wale wakuu. Rais aliyekuwa akiondoka, mtoto wa eneo hilo, aliwaomba watu wake wamchague Raila Odinga, ambaye mgombea mwenza wake, Martha Karua, alikuwa wa kutoka Kirinyaga. Hawakumsikiliza. Walimpa Ruto kura zao kwa wingi mkubwa, hata huko Kirinyaga. Yeyote anayedai kwamba mwananchi humfuata kigogo wake kama kondoo, na aeleze jambo hilo. Hata hivyo, walihama karibu wote kwa pamoja, na yule jirani aliyebaki upande wa Rais anayeondoka aliitwa majina. Mtu anaweza kumkaidi kigogo na bado akawa mtumwa wa wimbi.

Kuna mahali pengine ambapo Mkenya huonyesha kwamba anajua kuchagua. Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge na ya Mwakilishi wa Wadi. Wanasiasa hutuhimiza tupige kura kwa mtindo wa suti, vipande vyote vya kitambaa kimoja. Majirani zetu wa Tanzania waliambiwa habari ya mafiga matatu, yaani Rais, Mbunge na Diwani wa chama kimoja, eti chungu kisipinduke. Wenzetu wa Ghana humtania anayechanganya vyama kwamba amevaa sketi na blauzi. Basi, mwaka 2022 wakazi wa Nairobi walimpa Raila Odinga zaidi ya asilimia 57 ya kura za Rais, na siku hiyo hiyo, katika masanduku yaliyopangwa pembeni, wakamchagua Johnson Sakaja wa chama cha Ruto kuwa Gavana. Meru walimpa Ruto kura za Rais kwa wingi, lakini katika ugavana wakawaacha wagombea wa miungano yote miwili mikubwa wakamchukua Kawira Mwangaza, aliyesimama bila chama. Tena hawa ni watu ambao mabasi ya kampeni yaliwapita kila siku yakiimba suti, suti.

Kwa hiyo kuvuka kwenyewe si jambo geni kwetu. Mwananchi huvuka kwa urahisi anapomchagua mtu anayemjua, ambaye barabara yake na zahanati yake anaziona. Akifika kwenye karatasi ya Rais moyo wake hubadilika. Pale hachagui tena mtumishi, anachagua ngao. Anajiuliza: wale wakishinda, watatufanya nini? Hofu hii haikuzuka bure. Kuanzia Oktoba 1991, katika shamba la Miteitei, hadi Molo, Burnt Forest na Mlima Elgon, na mwaka 1997 huko Likoni, watu walifukuzwa, wakachomewa nyumba na kuuawa kwa kuwa walidhaniwa kwamba wangepiga kura upande usiotakiwa na wenye nguvu wa mahali pale. Marehemu Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki, alipokuwa Askofu wa Nakuru, aliyasema hayo hadharani wakati wengi walipokuwa wakinong'ona. Padre John Kaiser aliyeyafuatilia mambo hayo alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha mwezi Agosti 2000.

Lugha yetu wenyewe imebeba kidonda hiki. Neno madoadoa ni neno la kawaida, la ng'ombe na la nguo. Lakini katika Bonde la Ufa limetumiwa kumtaja mkazi ambaye si wa kabila lenye wingi na ambaye kura yake hudhaniwa kwenda kwingine. Yeye ndiye doa, na doa huondolewa. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki wakati wa kampeni. Sisi tungependa lisitumike kwa maana hiyo hata katika mizaha ya baada ya Misa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, halizungumzwi vya kutosha. Kura ni siri, lakini hesabu ya kituo si siri, wala haifai kuwa siri. Sheria inataka matokeo ya Rais yajazwe katika Fomu 34A na kubandikwa mlangoni pa kituo, na mahakama iliamua mwaka 2017 kwamba hesabu iliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Huu ni ushindi mkubwa wa wapenda haki. Wale waliokuwa wakipika matokeo njiani wamenyang'anywa jiko. Ila tazameni upande wake wa pili. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa. Kijiji kikisoma mlangoni kwamba mgombea wa kwetu amepata 512 na yule mwingine amepata 3, swali la kwanza huwa: hao watatu ni akina nani? Hapo ndipo msako unapoanza. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka kaunti nyingine hutajwa kwanza, hata kama alimpigia kura mgombea wa kijiji. Mama aliyeolewa kutoka mbali hutajwa wa pili. Wa tatu ni yule kijana mbishi. Duka hususiwa, maziwa hayanunuliwi, na katika jumuiya viti vinasogezwa mbali kidogo.

Hao watatu si wachache kama tunavyodhani. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Pigeni hesabu wenyewe: kama watu wawili tu katika kila kituo wangeondoa kura zao kwa mshindi na kumpa mpinzani wake, mshindi asingefikisha nusu ya kura, na nchi ingerudi kwenye duru ya pili. Tunasema hivi bila kumpendelea mgombea yeyote, kwa kuwa hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa upande wowote. Tunachotaka mwone ni kwamba yule mtu mmoja anayechekwa kijijini kwamba kura yake imepotea ndiye aliyeshika ufunguo.

Tunapowatafakari watu hawa tunamkumbuka Nikodemo. Yohane anatueleza kwamba alimwendea Yesu usiku. Baadaye wenzake wa baraza walipotaka kumhukumu Yesu bila kumsikiliza, aliwakumbusha kwa upole utaratibu wa sheria. Nao hawakumjibu hoja yake. Walimuuliza kama naye ni mtu wa Galilaya. Ndugu zetu, hayo ndiyo majibu tunayopeana hadi leo. Mtu akiuliza juu ya deni la taifa au juu ya vijana waliotekwa, huulizwa kwao ni wapi. Nikodemo hakulaumiwa na Injili kwa kuja usiku. Kibanda cha kura ni usiku ambao sheria imempa kila mmoja wetu.

Tusieleweke vibaya kwamba kila anayevuka ni mwema na kila anayebaki ni mtumwa. Anayevuka kwa sababu ya noti ya shilingi mia mbili na pakiti ya unga ameuza kitu asichoweza kukinunua tena kwa miaka mitano. Anayebaki katika chama chake baada ya kusoma sera, kupima rekodi na kusali, yuko huru kama yule aliyehama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, aya ya 75, ulifundisha kwamba vyama vina wajibu wa kutafuta manufaa ya wote, wala havina ruhusa ya kutanguliza faida yao. Basi chama ni chombo. Mbunge akikihama, Katiba inamtaka aache kiti na kurudi kwa waliomchagua. Kanuni hiyo imekuwapo kwetu tangu mwaka 1966. Mpiga kura hakuwekewa masharti ya namna hiyo na sheria yoyote. Aliyemwekea ni jirani yake.

Na wanasiasa wenyewe wanavuka bila aibu. Edward Lowassa wa Tanzania, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa CCM, alihamia Chadema mwaka 2015, akapata karibu asilimia 40 ya kura za Rais, na mwaka 2019 akarudi CCM. Waliogombana na ndugu zao kwa ajili yake walibaki na ugomvi. Kwetu, Rais Uhuru na Raila Odinga walipeana mkono tarehe 9 Machi 2018, miezi michache baada ya watu kuuawa kwa risasi wakiandamana juu ya uchaguzi wa mwaka 2017. Marafiki wa mwaka 2022 katika ikulu, Rais na Naibu wake Rigathi Gachagua, walitengana kiasi kwamba Oktoba 2024 Naibu huyo aliondolewa madarakani na Seneti. Naye Raila Odinga aliaga dunia tarehe 15 Oktoba 2025, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mamilioni ya watu watakwenda debeni bila yule ambaye kwao alikuwa dira, hata pale ambapo jina lake halikuwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana tunathubutu kujibu swali la mada, angalau kwa kadiri yetu. Kamba za zamani zimelegea. Vijana waliojitokeza mitaani mwezi Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, hawana chama wala kiongozi, na walifika hadi Bungeni tarehe 25. Wengine walilipa kwa uhai wao. Kati ya vijana hao wengi ni watoto wa jumuiya zetu. Tunaamini kwamba wengi watavuka. Tunachohofia ni kwamba, kamba zikilegea, watatokea wafungaji wapya kila eneo, kila mmoja na fungu lake la kwenda kuliuza. Tena tunahofia ukimya: mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 22 walikuwa wameandikishwa, na waliopiga kura ni kama milioni 14 na kidogo. Hao wengine hawakuvuka popote. Walikaa nyumbani.

Mmetuuliza asubuhi kama mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuwa wakala wa chama siku ya uchaguzi. Kama raia, anaweza, na kazi ya wakala ni kazi ya heshima ikifanywa kwa uaminifu. Tunashauri akabidhi uenyekiti kwa makamu wake tangu kampeni zinapoanza, na asiurudie mpaka rufaa, kama itakuwapo, imekwisha kuamuliwa. Katekista, kwa sababu ya nafasi yake kando ya altare, asikubali kabisa. Kuhusu harambee, mmeona kwamba Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi liliukataa mchango wa Rais uliotolewa Soweto. Parokia zetu zisingoje kuambiwa mara mbili. Mgombea akija Misa, aketi na waumini, na mimbari ibaki ya padre.

Wazee na wasiojua kusoma wana haki ya kusaidiwa kituoni na mtu waliyemchagua wenyewe. Jumuiya imweleze kila mmoja wao haki hiyo mapema, na asipangiwe msaidizi na mtu mwingine, hata mwanawe. Vijana waonywe juu ya simu: wanunuzi wa kura siku hizi hudai picha ya karatasi kabla ya kutoa fedha, na hilo ni mlolongo uliorudi kwa mlango wa nyuma.

Jambo la mwisho ni ratiba ya sala ya nyumba kwa nyumba. Ipangwe tangu mwezi wa Juni hadi Septemba 2027, iandikwe na kubandikwa kanisani, na isibadilishwe kwa ajili ya matokeo. Wiki ile hesabu itakapokuwa imebandikwa mlangoni pa kituo, jumuiya iende kusali katika nyumba ambayo zamu yake imefika, na kama ni nyumba ya mmoja wa wale wanaodhaniwa kuwa watatu, iende yote, na chai inywewe huko huko.